Kitambaa cha Kufunikia Herufi

Katika kazi yangu nilikuwa wa kwanza kuuona mtihani na wa mwisho kuulizwa majibu yake. Nilikuwa mpiga chapa wa shule ya sekondari hapa Babati. Miaka ya mwisho wakaniita katibu muhtasi, lakini kiti kilikuwa kilekile na mgongo uliouma ulikuwa uleule. Kila mtihani wa muhula na kila mtihani wa majaribio ulipita kwenye vidole vyangu kabla haujafika kwenye madawati. Sasa nimestaafu, nakaa Singe, nalima mahindi na maharage nyuma ya nyumba, na kila msimu wa mitihani ukikaribia majirani wananiletea watoto wao. "Mama Elibariki, hebu ongea naye. Wewe umekaa na mitihani maisha yako yote." Nadhani wanaamini mitihani inaambukiza.

Huwa naongea nao. Leo nimeona niandike, maana mdomo umechoka, na kwa sababu kuna msichana mmoja ambaye kila nikianza kuongea namkuta katikati ya maneno yangu. Anaitwa Restituta. Habari zake si nzuri sana, nawaambia mapema ili asiwepo wa kusema nilimdanganya.

Kwanza niwaonye juu ya neno moja. Neno lenyewe ni "rasmi". Ni neno safi la ofisini, na nimelichapa mara nyingi kuliko jina langu. Likitoka mdomoni mwa mwanafunzi, ni ugonjwa. "Naanza kusoma rasmi Jumatatu." "Sasa hivi nazoeazoea tu, rasmi ni tukifungua shule." Sijawahi kumsikia mtu akisema ataanza kula rasmi Jumatatu. Mwenye njaa anakula. Ukimsikia mtu anaweka "rasmi" mbele ya kazi yake, ujue ameshaikimbia na anatafuta jina zuri la kuzipa zile mbio zake.

Msidhani ni ninyi tu. Nilifanya kazi na walimu, tena walimu wazuri, na wao mtihani uliwashinda kuuanza. Tulikuwa na mwalimu wa Historia, mtu mcheshi, aliyekuwa akipita dirishani kwangu wiki nzima.

"Mwalimu, mtihani wako uko wapi?"

"Uko kichwani, Mama Elibariki. Umebaki kuandikwa tu."

"Basi niletee kichwa nikichape."

Anacheka, anaondoka, na kesho anapita tena. Mtihani anauleta jioni ya mwisho, umeandikwa nyuma ya karatasi ya mahudhurio, na mwandiko umelala kama majani yaliyopigwa na mvua. Halafu mtu wa kukosa usingizi ni mimi.

Mwalimu wa Biolojia alikuwa hivyohivyo. Enzi hizo hatukuwa na kompyuta. Tulichapa kwenye stensili, karatasi laini yenye nta. Herufi ya mashine inaitoboa, kisha unaifunga kwenye mashine ya kurudufu na wino unapita kwenye yale matundu. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu ya kuzibia, unapuliza, unangoja ikauke, unachapa tena juu yake. Kovu linabaki. Sasa mwalimu huyu aliniletea mtihani wa majaribio wa kidato cha nne umechelewa, nikauchapa kwa haraka, na asubuhi ya mtihani wenyewe akausoma kwa mara ya kwanza kwa makini. Akakuta swali la saba linauliza mada ambayo hajaifundisha.

"Lifute, Mama."

"Na namba zinazofuata?"

"Muda hakuna. Lifute tu."

Nikalipaka dawa lote. Wanafunzi wakapewa karatasi inayotoka swali la sita inakwenda la nane. Mmoja akanyoosha mkono, "Mwalimu, swali la saba limeenda wapi?" Mwalimu akamjibu, "Limeenda likizo." Darasa zima likacheka, na mtihani ukaendelea. Likumbukeni swali hilo, maana likizo yake ilikuwa ndefu, nami nilikuja kukutana nalo tena.

Sasa niwaeleze nilivyofundishwa kazi, kwa sababu humo ndimo limo la kuwafaa.

Nilikwenda chuo cha uhazili nikiwa binti. Mwalimu wetu aliitwa Fides, mwanamke mwembamba, sauti ndogo, ambaye sikumwona akiketi hata mara moja. Siku ya kwanza alituonyesha mashine. Siku ya pili akatugawia vitambaa vya kaki vyenye lastiki. Upande mmoja unaunasa kwenye mashine, upande wa pili unaufunga shingoni kama aproni, na mikono inaingia chini yake. Ukiangalia mbele unaona kitambaa. Herufi huzioni.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa nitachapaje bila kuziona?"

"Hutaziona. Utazijua."

"Lakini bado sizijui."

"Ndiyo maana nimekufunika."

Mstari wangu wa kwanza ulitoka takataka tupu. Ungedhani kuku amepita juu ya mashine. Nilijisikia mjinga, na kilichoniuma zaidi ni kwamba jana yake, nikiwa naziona herufi, nilikuwa nimechapa jina langu lote bila kosa. Fides akanisimamia mgongoni akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi uzeeni. "Macho ni shahidi wa uongo. Yakiona herufi yanakuambia, hii tunaijua. Yanaijua ikiwa mbele yao. Ikiondolewa, yanakuacha peke yako."

Wapo waliochungulia. Jirani yangu alikuwa anainua pindo la kitambaa kwa kidole kidogo. Wiki za mwanzo alinipita mbali, karatasi zake zikawa safi, zangu zikawa za aibu. Mtihani wa kasi ulipofika, unasomewa barua kwa sauti nawe unachapa, hakuna nafasi ya kuchungulia. Alipotea njia akiwa katikati ya barua. Vidole vyangu vilikuwa polepole lakini vilijua nyumbani.

Jambo jingine la Fides. Mstari wa siku ya kwanza hakuuacha siku ya kwanza. Aliurudisha kesho yake, akaurudisha wiki iliyofuata, akaurudisha tukiwa tumeshausahau. Tulilalamika. "Huu si tulishaumaliza, Mwalimu?" Alisema, "Mliumaliza ninyi. Wenyewe haujawamaliza." Na kama hukuwa na hamu ya kufanya kazi, hakukuhubiria. Alisema maneno mawili: "Ingiza karatasi." Usingoje hamu. Ingiza karatasi kwenye mashine. Karatasi ikishaingia inakutazama, na mtu hapendi kutazamwa na karatasi tupu, kwa hiyo atachapa hata neno moja. La pili hufuata.

Sasa mmeelewa ninakokwenda. Kitabu chenu ndiyo herufi zenu. Ukisoma ukurasa mara tano ukiwa wazi mbele yako, macho yatakuambia unaujua. Soma mara moja, kwa utulivu. Funika. Andika ulichokumbuka, hata kama ni mistari miwili ya kuchekesha. Funua, chukua kalamu nyekundu, jisahihishe. Kesho rudia. Wiki ijayo rudia. Chukua mitihani iliyopita, uifanye kwa saa kama mtihani, bila majibu pembeni. Somo linalokutisha ndilo liwe la kwanza, ukiwa bado una nguvu. Kama kuna mwenzako, mpigie pindi, yaani simama ubaoni umfundishe, maana hapo ndipo utajua wapi huelewi. Anayesikiliza pindi anatikisa kichwa tu, na kichwa kutikisika hakujawahi kumfaulisha mtu. Na kama Kiingereza kinakukwamisha, sema kwanza kwa Kiswahili mpaka jambo lenyewe lisimame, kisha ulivalishe Kiingereza.

Ni hayo tu. Nilimweleza Restituta yote haya. Ndiyo sababu naona uzito kuyaandika.

Restituta alikuwa kidato cha nne mwaka wangu wa mwisho kazini. Nyumbani kwao ni Nakwa. Baba yao hayupo, mama yao anauza mboga sokoni, na aliyekuwa akimsomesha ni kaka yake, Paulo, dereva wa bajaji. Jioni baada ya masomo Paulo alikuwa anampitia akitoka kushusha abiria, na wakati wa kumsubiri, Restituta alikaa kwenye benchi la barazani chini ya dirisha langu. Ndani hakuruhusiwa, kwa sababu ya mitihani. Kwa hiyo mimi nilikuwa nachapa na yeye yuko chini ya dirisha, na ukichungulia kidogo ulimwona vizuri kuliko mwalimu anavyomwona mtu darasani.

Alitaka kuwa muuguzi. Hilo alilisema bila haya, na kwa uuguzi ilibidi afaulu Biolojia na Kemia. Paulo naye alisema wazi. Siku moja alifika mapema, akaegesha, akaja kunisalimia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Paulo. Huyu anasoma kweli, nakuona una bahati."

"Mama, bajaji ina matairi matatu. Moja ni la mama, moja ni la mke wangu na mtoto, moja ni la Restituta. Huyu nikishamvusha hapa, tairi lake nalipeleka kwa mwanangu. Mara ya pili siwezi. Nimemwambia, na wewe mwambie."

Restituta alikuwa amesimama palepale. "Kaka, ulishasema."

"Nasema tena mbele ya shahidi."

Basi mlijue hilo: alikuwa na nafasi moja, na alijua.

Mvivu hakuwa. Nataka mnielewe hapo, kwa sababu mnapoambiwa msiahirishe mnadhani wanasemwa wavivu. Restituta sikumwona hata siku moja mikono mitupu. Tatizo ni kwamba alikuwa anaandaa. Alikuwa anahamisha notisi. Notisi za darasani, zenye haraka na mikwaruzo, alizihamishia kwenye kaunta buku jipya kwa mwandiko wa kuchora, vichwa vya habari kwa nyekundu, mistari kwa rula. Moyo wa binadamu alivyouchora, upande mmoja bluu, upande mmoja nyekundu, na mishale ya damu inakokwenda, ungeweza kuutundika ukutani. Darasa zima lilikuwa linaazima. "Nani ana kaunta ya Restituta?" Nilikuwa nawasikia wakiulizana. Na walioazima walizisoma haraka kwa sababu walitakiwa kuzirudisha kesho yake. Yeye hakuwa na mtu wa kumrudishia.

Na ratiba! Alitengeneza ratiba ya kujisomea kwenye karatasi ya manila, rangi tano. Alipochelewa siku mbili akaona imeshaharibika, akatengeneza nyingine.

"Restituta, hii si nilikuona nayo wiki iliyopita?"

"Ile ilikuwa ya majaribio, Mama. Hii ndiyo rasmi."

Nikacheka, naye akacheka. Tulicheka sana mwaka ule. Huwa nakumbuka hilo.

Siku moja nilimletea kitambaa changu. Nilikuwa nacho bado, kile cha chuoni, kaki imefifia na lastiki imelegea. Nilimweleza habari za Fides. Akakishika kwa vidole viwili.

"Mama, hiki ni cha taipureta."

"Kitambaa hakijui kinafunika nini. Fungua moyo wako huo mzuri, uangalie, kisha ufunike. Niambie damu inavyopita."

Akaangalia mchoro. Akafunika. Akachukua kalamu, akaandika mstari, akasimama. Akatazama paa la baraza. Akaandika mstari wa pili, akaufuta. Akakivuta kitambaa, akauangalia mchoro wake mwenyewe kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umefungwa kwa ndani.

"Mama, inaniumiza. Nikisoma kwenye kaunta naona najua kila kitu. Nikifunika naona sijui kitu."

"Ndiyo kazi yake. Bora kikuumize hapa barazani."

"Basi acha nimalizie kuhamisha notisi za Kemia, Mama. Zimebaki kidogo. Halafu ndiyo nianze hivyo, rasmi."

Nilimwambia, "Ingiza karatasi, Restituta." Akatabasamu kwa heshima. Bajaji ikapiga honi getini. Akakikunja kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, akanirudishia.

Hapo ndipo hasa mtu anapoahirisha, wanangu. Tunasema ni uvivu, tunasema ni simu, na simu kweli ni mwizi. Lakini nilichokiona mimi chini ya lile dirisha ni mtu anayekimbia dakika ile ya kufunika. Atafanya kazi yoyote, hata ngumu kuliko kusoma, ili asifike kwenye dakika ile.

Mvua za kwanza zikaanza, mlima Kwaraa ukawa unajifunika mawingu asubuhi, na mtihani wa taifa ukafika mlangoni. Ndipo ikaja habari ya pepa, mtihani unaosemekana umevuja. Nyote mnaijua habari hiyo. Kila mwaka kuna mtu mwenye binamu ambaye ana rafiki ambaye amepata pepa. Linapita kwenye simu, na anayelipata anaacha kila kitu analikumbatia. Kulingoja pepa ndiyo "rasmi" iliyo mbaya kuliko zote, maana hapo hata kesho yako umemkabidhi mtu usiyemjua.

Restituta alikuja dirishani, uso unang'aa, na simu ya Paulo ameifungia kwenye sweta.

"Mama, angalia tu. Usiseme kitu."

"Nini?"

"Biolojia. Yenyewe."

"Toa hapa. Unataka tufungwe wote?"

"Angalia tu, Mama, nakuomba."

Sikupaswa kuangalia, lakini jicho la mpiga chapa huwa linasoma lenyewe. Ilikuwa picha ya karatasi iliyorudufiwa na kurudufiwa mpaka herufi zimenenepa. Juu wameziba kichwa cha karatasi. Nikashuka: la nne, la tano, la sita. La nane.

Nilikaa chini. Ilikuwa kazi ya mikono yangu. Ule mtihani wa majaribio wa zamani, wa yule mwalimu aliyechelewa, na pale katikati, kivuli cha dawa nyekundu niliyoipaka asubuhi ile. Ulikuwa umezunguka mji kwa miaka, umepita kwenye maduka ya fotokopi, umeingia kwenye simu, na sasa umerudi shuleni ukiwa umevaa suti.

"Restituta, hili nimelichapa mimi. Ulikuwa bado shule ya msingi. Si mtihani wa taifa, wala haujawahi kuwa."

"Mama, unanitania."

"Angalia. Sita, nane. Saba nililifuta mimi kwa mkono huu."

Akaangalia. Kisha akanitazama kwa huruma, kama mtoto mjanja anavyomtazama mtu mzima.

"Saba wamelificha makusudi, Mama. Wenzangu ndivyo wanavyosema. Lingekuwa feki lingekuwa na maswali yote."

Nikamwambia tena. Nikamwambia jina la somo, mwalimu, mashine. Siku iliyofuata nikasikia darasani wanasema, "Mama Elibariki lazima akatae, ndiye mtunza mitihani. Angekubali angefukuzwa." Yaani nilivyozidi kukataa ndivyo pepa lilivyozidi kuwa la kweli. Kaunta zile zote nzuri zikawekwa pembeni. Siku zilizobaki kabla ya Biolojia Restituta alikaa kwenye benchi langu akikariri majibu ya mtihani wangu wa zamani, midomo inacheza, na safari hii alikuwa anafunika. Ndiyo, alifunika kwa kiganja na kujipima, sawasawa kabisa. Aliijua njia. Aliitumia kwa karatasi isiyo yake.

Siku ya Biolojia nilikuwa kwenye korido walipotoka. Wengine walikuwa wanacheka kile kicheko cha kuonyesha hawajali. Restituta alinikuta mlangoni.

"Waliuliza damu, Mama."

"Damu ipi?"

"Inavyopita kwenye moyo. Nilikuwa nauona mchoro wangu. Nauona kabisa, bluu huku, nyekundu huku. Mishale ndiyo sikuiona."

Nikamwambia aende akanywe maji.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimeshastaafu. Paulo alinisimulia mwenyewe. Walikuwa barabarani wanarudi kutoka sokoni, Restituta kakaa nyuma na simu, akasema, "Kaka, simama." Paulo akasimama. Akampa simu. Biolojia F. Kemia F. Paulo akaniambia hakumgombeza. Alizima injini, wakakaa humohumo, na watu wawili wakasimamisha bajaji wakidhani ipo kazini. Paulo akawaambia, "Imeharibika." Kisha akawasha wakaenda nyumbani. "Mama, ningemgombeza ingekuwa afadhali," alisema.

Restituta aliajiriwa kwenye mgahawa pale stendi, kupika chapati na kupeleka chai. Nilimfuata. Nilimwambia kuna kurisiti, mtu anarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na Biolojia na Kemia si milima miwili, ni karatasi. Nikampa kile kitambaa kiwe chake. Alikipokea kwa mikono miwili.

"Asante, Mama. Naanza rasmi Jumatatu."

Neno lile alilisema bila kulisikia. Mimi nililisikia, nikakaa nalo mpaka nyumbani.

Majuzi nilikuwa naenda Dareda kwenye msiba. Basi lilikuwa halijajaa, nikaingia mgahawani kunywa chai. Kwenye meza ya mbele kulikuwa na sinia la chapati, na juu ya sinia, kaki iliyofifia, lastiki inaning'inia pembeni. Alikuwa amefunika chapati nacho.

"Shikamoo, Mama." Aliona nilikokuwa natazama. "Usiseme, Mama."

"Marahaba. Sijasema kitu."

"Hakipitishi nzi."

"Naona. Umejiandikisha?"

"Kaka amesema akiniona nasoma kweli, atanisaidia tena. Kwa hiyo nataka nianze..." Neno likamkwama. Safari hii alilisikia.

"Nipe chapati moja," nikasema. Akainua kitambaa. "Usikishushe kwanza. Damu ikirudi moyoni kutoka mwilini inaingia wapi?"

"Mama, hapa?"

"Hapa. Kwa Kiswahili."

Akatazama juu kwenye bati, palepale anapotazama mtu aliyefunikwa. Kitambaa kiko mkononi, unga kwenye vidole.

"Chumba cha juu. Kulia."

"Halafu?"

"Inapita kwenye vali... inashuka chumba cha chini, kulia hukohuko." Alikuwa anaongea polepole, kama anayeshuka ngazi gizani kwa mguu. "Kile cha chini kinaisukuma, inakwenda kwenye mapafu. Kule inachukua oksijeni. Halafu inarudi..."

"We dada! Chai mbili huku, gari linaondoka!"

Akashusha kitambaa, akachukua birika, akaenda. Wakaingia wengine. Akapita na sahani, akapita na vikombe. Mara moja aligeuka upande wangu, akafungua mdomo, na mtu mwingine akamwita. Chai yangu ilipoa. Basi la Dareda likapiga honi mara ya mwisho, nikaweka hela chini ya kikombe nikatoka.

Ninyi mnaopita stendi kila siku, ingieni mle mkanywe chai, mumuulize amalizie. Nilipoondoka mimi, damu ilikuwa bado iko mapafuni.